Zimwi Likujualo: Filamu za Wanyonyadamu na Mkeka wa Familia Garissa

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa zimwi likujualo halikuli likakwisha. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumeieleza methali hii mara nyingi katika karatasi za mtihani, tukapata alama zetu, kisha tukaisahau. Katika makala haya naomba kuirejelea kwa jambo ambalo wahenga hawakulifikiria, nalo ni filamu za wanyonyadamu ambazo watoto na watu wazima huketi pamoja kuzitazama.

Najua kuna msomaji atakayekunja uso. Atauliza: je, jarida la Kiswahili limekosa mada hata likaingilia filamu za vibwengo wa Ulaya? Na Garissa, mji wa ngamia, vumbi na adhana, una uhusiano gani na wafu wenye meno marefu? Namwomba msomaji huyo anivumilie. Suala ninalolizungumzia si meno bali lugha, na hasa lugha ambayo mzazi huitumia kumwongoza mwanawe katika hofu.

Msimamo wangu ni huu: filamu ya kutisha haigeuki kuwa ya familia kwa sababu tu zimwi lake limeng'olewa meno. Huwa ya familia pale ambapo mkubwa aliyeketi na mtoto anaielewa angalau kama mtoto anavyoielewa, akaweza kumwambia ni wapi pa kuogopa na ni wapi pa kucheka. Kwa kipimo hicho, nyingi ya filamu zinazoitwa za familia si za familia zinapofika Kaskazini Mashariki. Wenye uwezo wa kulirekebisha hilo ni sisi tunaosomea Kiswahili, tukishirikiana na wenzetu wenye Kisomali.

Usiku mmoja mtaani Iftin

Ilikuwa likizo ya Desemba. Binamu yetu alikuwa amewaletea wadogo zangu flashi yenye filamu ya Hotel Transylvania, ile ya kwanza iliyotolewa mwaka 2012. Wakaiwasha sebuleni baada ya sala ya isha. Nyanya yetu, ambaye sote twamwita ayeeyo, alikuwa ameketi mkekani na tasbihi mkononi. Hakuwa na nia ya kutazama chochote. Lakini jicho halina pazia, na baada ya muda akauliza kwa Kisomali:

"Huyu mwenye joho jeusi ni nani?"

"Ni mtu anayenyonya damu, ayeeyo," akajibu mdogo wangu wa miaka tisa. "Lakini ni mzuri."

"Damu ni haramu. Mzuri wa wapi?"

"Ameacha. Siku hizi hanywi damu ya watu."

"Basi ametubu," akasema ayeeyo, akausogeza mkeka karibu na runinga.

Wasioijua filamu hiyo nawaeleza kwa ufupi. Dracula ni mjane mwenye binti mmoja. Amejenga hoteli mbali na macho ya wanadamu ili mazimwi wote wapate mahali pa kupumzika bila kuwindwa. Binti yake anatimiza miaka 118, umri ambao kwao ni wa ujana, na anataka kutoka kuuona ulimwengu. Baba hataki. Ayeeyo akauliza kwa nini baba amemfungia binti yake. Akaambiwa kuwa anaogopa watu. Akauliza watu wamemfanyia nini. Mdogo wangu akasema, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, "Walimuua mama yake."

Ayeeyo akanyamaza. Kisha akasema, "Baba huyu hana lawama. Lakini na binti naye ana haki ya kutoka."

Wasomaji wenzangu, nimesoma maelezo mengi kuhusu filamu hiyo na sijaona muhtasari unaoushinda huo. Mwanamke ambaye hakuwahi kukaa darasani alikuwa ameshika mgogoro wote wa kisa kwa sentensi mbili. Tatizo ni kwamba kuanzia hapo hakupata tena nafasi. Kila mdogo wangu alipocheka alisahau kutafsiri. Ayeeyo aliuliza, akajibiwa nusu. Akauliza tena, akaambiwa "subiri". Mwishowe akarudi kwenye tasbihi yake. Filamu ikaisha ikiwa ya watoto watatu, na mtu mzima mmoja aliyegeuka mgeni katika chumba chake mwenyewe.

Taa zilipozimwa mambo yakabadilika. Watoto walimtaka ayeeyo awasimulie Dhegdheer, kwa kuwa filamu iliwaachia hamu ya kuogopa zaidi. Naye akaanza. Sasa yeye ndiye aliyekuwa akijua jambo litakalofuata, nao ndio waliokuwa wakiuliza. Alipofika mahali pa kutisha alimvuta mdogo wa mwisho sikio, mtoto akapiga kelele, wote wakacheka. "Usiogope, ayeeyo," alimwambia. Kwani kwa ada ya Wasomali mkubwa humwita mtoto kwa jina lile lile ambalo mtoto humwitia yeye. Sijui neno lolote la filamu ya Marekani linaloweza kufanya kazi hiyo.

Kutoka kaburini hadi sebuleni

Yafaa tukumbuke kuwa mnyonyadamu wa Ulaya hakuzaliwa akiwa rafiki wa watoto. Riwaya ya Dracula ya Bram Stoker ilitoka mwaka 1897 na ilikuwa ya kuwatisha watu wazima. Filamu ya Kijerumani ya Nosferatu, iliyoongozwa na F. W. Murnau mwaka 1922, ilimwonyesha akiwa kiumbe mwenye upara na kucha ndefu, anayeandamana na panya na tauni. Mwaka 1931 Bela Lugosi akamvisha suti na joho, akampa adabu za kikabaila. Adabu hizo ndizo zilizofungua mlango wa mzaha, kwa maana mtu mwenye makuu ni rahisi kuchekwa.

Mwaka 1972 kipindi cha watoto cha Sesame Street kikamleta kikaragosi mwenye meno na joho ambaye hataki damu ya mtu. Anataka kuhesabu tu. Mwaka 1979 mwandishi wa Kijerumani Angela Sommer-Bodenburg akachapisha kitabu cha kwanza cha mnyonyadamu mdogo anayefanya urafiki na mvulana wa kawaida. Visa vyake vikazaa filamu ya The Little Vampire mwaka 2000. Katika filamu hiyo familia ya wanyonyadamu imeamua kunywa damu ya ng'ombe badala ya ya watu. Huko Ulaya jambo hilo huchukuliwa kuwa rehema. Garissa, penye soko la mifugo ambalo ni mojawapo ya makubwa katika Afrika Mashariki, nadhani watazamaji wengi wangeuliza kwanza ng'ombe ni wa nani.

Historia hiyo inatufundisha jambo moja. Ulaya ilichukua takribani miaka mia moja kumfuga zimwi wake hadi akakubalika sebuleni, na ilimfuga kwa kumsimulia tena na tena katika lugha ya nyumbani. Babu wa Kijerumani na mjukuu wake wanapomtazama mnyonyadamu mdogo, babu anamkumbuka yule wa kale aliyemtisha alipokuwa kijana. Mtoto anacheka kwa sababu kiumbe kimeanguka. Babu anacheka kwa sababu anajua kilikotoka kabla hakijaanguka. Vicheko hivyo viwili ndivyo vinavyoifanya filamu kuwa ya familia. Inapoletwa kwetu katika Kiingereza, kicheko cha pili hubaki uwanja wa ndege.

Zimwi la kwetu

Je, sisi hatuna mazimwi ya kuketi nayo sebuleni? Tunayo, na yamekuwa yakitimiza kazi hiyo tangu zamani.

Dhegdheer, ambaye jina lake lina maana ya mwenye sikio refu, ni mwanamke mla watu katika ngano za Wasomali. Si mnyonyadamu kwa maana halisi, ila ni jamaa yake wa karibu. Ana mbio zisizo kifani, na sikio lake moja refu humwezesha kusikia nyayo za msafiri aliye mbali. Katika masimulizi mengi, anapotawala yeye nchi hukauka. Anapokufa mvua hunyesha na wapitanjia wakapata amani. Ana binti ambaye hali watu, na ambaye huwaficha wageni wasiliwe. Katika baadhi ya masimulizi, binti ndiye anayemmaliza mama yake kwa kummiminia kitu kinachochemka katika sikio lile lile alipokuwa amelala.

Tazama jinsi ngano hii ilivyojengwa kwa wasikilizaji wa rika mbili. Mtoto husikia mbio, sikio na maficho. Mtu mzima husikia ukame, njaa inayomfanya binadamu kuwa mnyama, na binti aliyelazimika kuchagua kati ya mzazi wake na haki. Kwa watu wa Garissa, Wajir na Mandera ambao wamezika mifugo katika kiangazi kimoja baada ya kingine, mvua inayofuata kifo cha Dhegdheer si pambo. Ndiyo maana ya hadithi.

Tunaye pia Qori Ismaris, mtu anayejisugua kwa kijiti jioni akawa fisi, kisha akarejea utu wake kabla ya kupambazuka. Huyu ni binamu wa wale wa Ulaya wanaobadilika usiku. Na pwani ya Waswahili imejaa mazimwi, vibwengo na majini ya kila namna, yakiwemo yale yanayooa na kuolewa na binadamu.

Namna ya kuzianza hadithi hizi pia yaonyesha undugu. Mswahili husema "Paukwa", akajibiwa "Pakawa". Msimulizi wa Kisomali husema "Sheeko sheeko", akajibiwa "Sheeko xariir". Neno hilo xariir si geni kwetu. Ni hariri yetu, limetoka Kiarabu kama letu lilivyotoka. Hadithi ya hariri! Tunahitaji ushahidi gani zaidi kwamba nyumba hizi mbili zinaweza kufunguliana milango?

Diaspora imetutangulia. Huko Minnesota, Marekani, wanakoishi Wasomali wengi, ngano ya Dhegdheer ilichapishwa mwaka 2007 kuwa kitabu cha picha cha watoto kilichosimuliwa na Marian A. Hassan, kwa Kisomali na Kiingereza bega kwa bega, ili mzazi na mtoto wasome pamoja. Jambo lililowezekana kwenye theluji haliwezi kushindikana kwenye kingo za Tana.

Mwongozo wa mzazi kwa lugha ipi?

Bodi ya Kuainisha Filamu Nchini huzitia filamu alama za kuonyesha zimfaazo nani. Ipo alama ya watazamaji wote, ipo ya mwongozo wa mzazi, na zipo za waliotimiza miaka 16 na 18. Filamu za mnyonyadamu mpole aghalabu huhitaji mwongozo wa mzazi au huwa za wote. Sina ugomvi na alama hizo. Nina swali tu: mzazi ataongozaje asichokielewa?

Alama ya mwongozo wa mzazi imejengwa juu ya dhana kwamba mzazi anajua lugha ya filamu kuliko mtoto. Katika nyumba nyingi za Kaskazini Mashariki hali ni kinyume. Mtoto amepata Kiingereza na Kiswahili shuleni. Mama ana Kisomali, na Kiswahili cha sokoni. Nyanya ana Kisomali peke yake. Mbele ya runinga mtoto anakuwa mkalimani na mkubwa anakuwa mfuasi. Mkalimani huyo ana miaka tisa, na hutafsiri anachotaka. Akiona jambo la aibu hulipita. Akiona jambo la huzuni, kama kifo cha mama wa yule binti, hulitaja kwa pumzi moja. Hivyo mzazi huruhusu asichokijua au hukataza asichokijua, na njia zote mbili si malezi.

Watu wa kawaida wameligundua tatizo hili kabla yetu wasomi. Katika vibanda vya video nchini Kenya, DJ Afro amejipatia umaarufu kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili chake cha mtaani. Tanzania ilikuwa na Lufufu, na Uganda ina VJ Jingo kwa Kiganda. Filamu za Kihindi zilizotiwa sauti za Kisomali nazo zimeenea katika nyumba za Wasomali. Wasimulizi hawa tumewadharau kwa sababu hawafuati sarufi yetu. Ukweli ni kwamba wameirejesha nafasi ya fanani katika jamii ambayo runinga ilikuwa imemnyamazisha.

Hata katika kambi za wakimbizi za Dadaab, zilizoanza mwaka 1991 katika eneo la Garissa, shirika la FilmAid limewahi kuonyesha filamu nyakati za jioni, hadharani, kwa turubai kubwa. Fikiria uwanja wa vumbi uliojaa familia nzima nzima, mtoto akiwa mgongoni na mzee kwenye kigoda. Hapo ndipo pahali pa fanani.

Mumiani au mnyonyadamu?

Tukikubali kutafsiri, neno la kwanza litakalotukwaza ni jina la mhusika mwenyewe. Wengi watalikimbilia neno mumiani. Mimi nalikataa, na naomba wahadhiri wetu wanisahihishe nikikosea.

Asili ya mumiani ni Kiajemi. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inalieleza kuwa dawa nyeusi mithili ya utomvu iliyotumiwa kutibu mifupa iliyovunjika na maradhi mengine, kisha inaongeza kwamba watu wengi waliamini kuwa dawa hiyo ni damu ya binadamu iliyogandishwa, na kwamba uvumi wake ulipozuka mji mzima uliogopa kutoka nje baada ya jua kutua. Kutoka kwa dawa, neno likahamia kwa mtu anayedhaniwa kuitafuta damu hiyo. Wakati wa ukoloni, uvumi wa namna hii uliwaandama wazimamoto, wawindaji, madaktari na watumishi wa serikali, kutoka Kenya na Uganda hadi Kongo. Mwanahistoria Luise White aliuandikia kitabu kizima mwaka 2000, akionyesha kuwa ndani ya uvumi huo mna kumbukumbu ya jinsi watu walivyouona utawala uliochukua jasho, ardhi na miili yao.

Neno hilo halijafa, na bado linaua. Tarehe 1 Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, mkoani Dodoma, watafiti wawili wa kilimo na dereva wao waliuawa na wanakijiji waliodhani kuwa ni wanyonya damu. Walikuwa wamekwenda kuchukua sampuli za udongo. Mwaka uliofuata hofu kama hiyo ilizuka kusini mwa Malawi, watu kadhaa wakauawa na makundi yenye hasira, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake katika baadhi ya maeneo.

Kwa hiyo mumiani si mhusika wa kubuni. Ni tuhuma. Dracula wa sebuleni ana kasri, joho na tarehe ya kuzaliwa. Mtoto hawezi kukutana naye njiani. Mumiani anaweza kuwa mtu yeyote mgeni mwenye gari na mkoba. Tukimfundisha mtoto kumwita Dracula mumiani, tutakuwa tumeifanya tuhuma kuwa mchezo, au mchezo kuwa tuhuma. Neno hilo na libaki katika historia, tulifundishe kwa uzito wake.

Ninalopendekeza ni mnyonyadamu, katika ngeli ya A-WA. Muundo wake wa kuambatanisha kitenzi na nomino si mgeni. Tunao mpigambizi, na tunaye mlariba ambaye kwa tabia ni ndugu yake. Lakini uzuri wake mkubwa uko katika maana. Mtoto mdogo anajua kunyonya ni nini kabla ya kujua jambo jingine lolote. Ni maziwa ya mama. Neno lenyewe linamtisha kwa nusu ya pili na kumtuliza kwa nusu ya kwanza. Mtu mzima naye anasikia mnyonyaji, neno ambalo siasa ya Ujamaa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ililitumia kwa wanaoishi kwa jasho la wengine, pamoja na kupe na mirija. Hebu mtie mnyonyadamu wa katuni kinywani mwake sentensi moja kuhusu kodi ya nyumba, uone nani atacheka. Mtoto atacheka kwa meno, baba atacheka kwa kodi. Kiswahili kimetupa kicheko cha pili bila malipo, nasi tunanunua filamu za Kiingereza!

Pingamizi

Pingamizi la kwanza nimelisikia kwa wazee na nalistahi. Wanasema watoto wa Garissa wana hofu za kutosha. Eneo hili linakumbuka mauaji ya Wagalla, Wajir, ya Februari 1984. Mji wetu unakumbuka tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 walipouawa katika chuo kikuu chetu. Ya nini kuwaongezea wafu wanaotembea?

Sitalijibu kwa wepesi. Nasema tu kwamba hofu hizo mbili hazifanani. Ile ya kweli haina fanani. Hakuna anayejua itaishaje, na wakubwa wanaogopa pamoja na watoto, mara nyingi kwa kimya. Hofu ya hadithi ina mwanzo na mwisho, na ina mkubwa anayejua mwisho huo. Mtoto aliyewahi kuogopa akiwa amepakatwa, kisha akacheka, amejifunza kuwa hofu huisha. Nadhani watoto wetu wanalihitaji somo hilo kuliko watoto wa mahali pengine.

Pingamizi la pili ni la dini: damu ni haramu, na mazimwi ni upuuzi wa kumtoa mtu katika imani. Hapa namrejelea ayeeyo. Yeye hakuiacha imani yake mlangoni. Aliitumia kumhukumu Dracula, akampa nafasi ya toba. Mzazi anayeielewa filamu huweza kuipima kwa imani yake na kumfundisha mwanawe kufanya hivyo. Asiyeielewa hawezi.

Pingamizi la tatu litatoka kwetu wenyewe: kama nyanya wanajua Kisomali, Kiswahili kinatafuta nini hapo? Ni kweli, kwa nyanya sauti iwe ya Kisomali, na sitamani Kiswahili kiimeze lugha hiyo. Lakini Garissa si ya Wasomali peke yao. Wamo Wapokomo, Wamunyoyaya, Waborana, Wakamba na wengine, na mtaani wote hukutana katika Kiswahili. Zaidi ya hayo, nje ya Garissa kuna Wakenya mamilioni ambao wamemjua Msomali kupitia taarifa za habari tu. Kwa wengi wao, sisi ndio mazimwi. Nimewahi kuketi katika basi kuelekea Nairobi na mtoto wa kiti cha jirani akahamishwa na mamaye asikae karibu nami. Mtoto yule angemjua Dhegdheer kwa Kiswahili, angejua kuwa huku kwetu nasi tunaogopa usiku, tunachekea hofu, na tuna binti anayewaficha wageni wasiliwe. Hapo methali yetu inarudi kwa maana mpya: zimwi likujualo halikuli, nawe ukilijua hulikimbii.

Hitimisho

Sitaki makala haya yawe manung'uniko. Natoa mapendekezo matatu kwa chama chetu.

Kwanza, tuandike mswada wa filamu fupi ya katuni ya Dhegdheer kwa Kiswahili na Kisomali sambamba, tukianza kwa kuwarekodi nyanya wenyewe. Uwezo upo. Tinga Tinga Tales ilitengenezwa na wachoraji wa Nairobi mwaka 2010, ingawa ilianza kwa kusema Kiingereza. Ubongo Kids ya Tanzania imekuwa ikisema Kiswahili tangu mwaka 2014. Nao wakina Mussa Banzi wa Dar es Salaam, kwa filamu kama Nsyuka na Shumileta, walishaonyesha kuwa filamu ya kutisha huweza kutengenezwa kwa Kiswahili na kupata watazamaji, japo zao zilikuwa za watu wazima.

Pili, tukiwa tunasubiri hiyo, tuandae jioni za filamu katika shule za msingi za Garissa ambako wazazi wataalikwa pamoja na watoto, na mwanafunzi mmoja wa Kiswahili na mwingine wa Kisomali wasimame pembeni kusimulia, kwa idhini ya wenye filamu. Tuwatume wanafunzi wa fasihi simulizi. Watajifunza kwa jioni moja mengi kuliko kwa muhula mzima wa kukariri sifa za fanani.

Tatu, istilahi za mazimwi zijadiliwe katika kurasa hizi. Nimelipendekeza mnyonyadamu. Mwenye neno bora alilete.

Mdogo wangu sasa anaingia sekondari. Hotel Transylvania ameisahau nusu. Dhegdheer anaisimulia yote, hata ile sehemu ya kuvuta sikio, na huwafanyia hivyo watoto wa jirani. Ayeeyo naye hadi leo huniuliza nikirudi nyumbani kama yule baba alimruhusu binti yake kutoka. Nimekwisha mwambia kuwa alimruhusu. Anataka nimweleze ilivyokuwa, neno kwa neno, kwa lugha yake, nami kila mara nakwama mahali pale pale. Ningependa siku moja aketi mkekani, asikie mwenyewe, kisha awaeleze watoto.